Uzi: Kusoma na kuandika kwa familia nzima kwa Wabatwa, Waik na Wabenet. Nani apange saa, lugha na mwalimu?

#1 Mratibu_Kigezi (mleta uzi)

Salamu ndugu zangu. Najua humu tuko wengi tunaofanya kazi ya elimu vijijini, kuanzia Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, hadi Kaabong, kaskazini-mashariki, na kila tukikutana swali ni lilelile. Mbona madarasa ya kusoma ya wazazi na watoto katika jamii ndogo za Wabatwa, Waik, Wabenet na Watepeth huanza na umati, kisha msimu mmoja ukipita hubaki mwezeshaji na daftari lake la mahudhurio?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Uhaba wa vitabu upo, lakini haushiki nafasi ya kwanza. Mambo matatu, yaani saa ya kusoma, lugha ya kusomea na mtu wa kufundisha, huamuliwa wilayani kabla familia hata moja haijaulizwa. Mratibu anakabidhiwa ratiba iliyokwisha kufungwa na bajeti ya robo mwaka, halafu anaambiwa akahamasishe. Watu wanakuja siku ya kwanza kwa heshima ya mgeni. Siku ya nne wanarudi kwenye shughuli zao.

Kwa wasioifahamu kazi hii: kusoma kwa familia ni zaidi ya darasa la watu wazima. Wazazi wana kipindi chao, watoto wana chao, halafu kuna kipindi cha pamoja ambapo mama au baba anakaa na mwanawe wakifanya kazi moja. Kuna pia kutembeleana nyumbani. Hapa Uganda hatukuanza jana. LABE, shirika lililozaliwa mwaka 1989, lilipeleka mpango wa namna hii wilayani Bugiri mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadaye likaweka vituo vya kujifunzia majumbani huko kaskazini. Kwa hiyo njia ipo na imepitwa. Ugumu unakuja unapoibeba kama ilivyo na kuiweka kwa watu ambao hawana shamba, hawana saa ya kupumzika, na lugha yao haimo katika kitabu chochote cha shule.

Nianze na Wabatwa, maana ndio ninaoishi nao. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa, waliondolewa bila fidia ya maana, na wengi hadi leo wanakaa katika ardhi ya wengine kule Kisoro, Rubanda, Kabale na Kanungu. Wanakula kwa kibarua cha siku: kulima viazi vya jirani, kubeba mizigo, kupalilia. Ukimwita mama wa Kibatwa darasani saa nne asubuhi umemwondoa kwenye chakula cha jioni cha watoto wake. Asipokuja, ripoti itaandika kwamba jamii hii haina mwamko. Sentensi hiyo naichukia kweli. Nimeiona katika ripoti nyingi, na katika zote sikuona mstari mmoja unaosema saa ya darasa ilichaguliwa na nani.

Tulipoliacha kundi lichague lenyewe, lilichagua saa kumi na mbili jioni, nje ya nyumba ya mama mmoja, siku mbili kwa wiki, na kusimama kabisa wakati wa kupanda na wa kuvuna. Msimu wa mavuno hatukai. Wafadhili waliuliza kuhusu mwezi mtupu, nikawajibu kwamba mwezi huo familia zinakula. Kundi hilo bado lipo.

Nawakaribisha mchangie. Hasa wa Karamoja kule kaskazini-mashariki na Sebei upande wa Mlima Elgon, maana huko mambo ni mengine.

#2 Mwalimu_Kaabong

Asante sana mleta uzi. Hili la saa, sisi wa Karamoja tuna historia nalo.

Wazee hapa husimulia kwamba zamani kalamu ilizikwa. Wakati wa vita vya pili vya dunia kalamu ndiyo iliyoandika majina ya vijana wakapelekwa vitani, na wengi hawakurudi, basi wazee wakaizika kwa laana. Mwaka 1995 wakafanya sherehe ya kuifukua. Miaka mitatu baadaye, 1998, ukaanza mpango wa ABEK, yaani elimu mbadala ya msingi kwa Karamoja. Watoto walisoma asubuhi na mapema kabla ya kupeleka mifugo malishoni, wakasoma tena jioni waliporudi, chini ya mti karibu na manyatta (boma la wafugaji), kwa Ngakarimojong, lugha ya Wakaramojong, wakifundishwa na mtu wa palepale. Walisoma habari za mifugo, mazao, afya, amani. Hakuna sare, na mtoto aliruhusiwa kuja na mdogo wake mgongoni.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha: akina mama walikuwa wakisimama pembeni wakisikiliza. Mtoto akisoma herufi, mama naye midomo inacheza. Hapo ndipo kusoma kwa familia kulipoanza kwetu bila mtu kupanga. Mratibu mwenye macho angesogeza mkeka tu.

Lakini Waik wana shida yao ya pekee. Wako wachache, juu milimani kuanzia Morungole hadi Kamion na Timu, katikati ya Wadodoth na Waturkana ambao ni wafugaji. Wao wenyewe ni wakulima na warina asali. Lugha yao, Icetot, haina udugu wa karibu na Ngakarimojong. Sasa mtoto wa Kiik anaingia P1, darasa la kwanza la shule ya msingi, anaambiwa atafundishwa kwa lugha ya mama kama mtaala wa mwaka 2007 unavyotaka, na lugha anayokutana nayo ubaoni ni Ngakarimojong. Ni lugha ya mama ya jirani. Akifika P4 anahamishiwa Kiingereza. Mzazi wake atamsaidia kwa lipi?

Kuandika Icetot nako kuna ufundi. Zipo konsonanti ambazo alfabeti ya Kiingereza haizibebi, na vokali za mwisho wa neno mara nyingi hunong'onwa tu, mgeni hazisikii. Mwaka 2017 ilitoka kamusi pamoja na sarufi ya Icetot, iliyoandikwa na Terrill Schrock, na inapatikana bure mtandaoni. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Ila kamusi haimfundishi mama kusoma. Tulikaa na wazazi tukawauliza: neno hili ukilisema, mwisho wake unaisikia sauti gani? Wakabishana kwa muda mrefu sana, wakacheka, wakakubaliana. Ubishi ule ulikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kuongoza, maana kwa mara ya kwanza mwenye kujua alikuwa mzazi na mwenye kuuliza alikuwa mwalimu.

#3 Mkulima_Bukwo

Mimi si mwalimu, ni mkulima wa mahindi, ila mke wangu ni mwezeshaji wa kikundi cha Wabenet huku juu mlimani, kwa hiyo nachangia.

Huku mkisema lugha, Kupsabiny, lugha yetu, haina taabu kubwa, imeandikwa na inasomwa. Taabu yetu ni ardhi. Mwaka 1983 serikali ilitenga hekta kama 6,000 za kuwahamishia watu, kukatokea mivutano juu ya nani apewe, mwaka 1993 Mlima Elgon ukawa hifadhi ya taifa, na mwaka 2005 Mahakama Kuu pale Mbale ikawatambua Wabenet kuwa wenyeji wa eneo lile. Hata hivyo wapo wanaokaa katika makazi ya muda mpaka leo. Mtu ambaye hajui mwakani atalala wapi hajengi banda la kusomea. Kwa hiyo mke wangu alikataa kabisa habari ya jengo. Ubao wa kukunja, sanduku la bati la vitabu, na nyumba ya mwanakikundi kwa zamu. Wakihamishwa, darasa linahama nao.

La pili, akina baba. Mmemtaja mama tu. Huku baba anakuja darasani akijua atatoka na kitu cha sokoni. Sisi tunauza mahindi kupitia Suam kwenda Kitale, na kule bila Kiswahili na hesabu unaibiwa mchana. Wanaume wetu waliomba kusoma mizani, risiti, na Kiswahili cha biashara. Wamekuja na wana wao wakubwa. Nauliza: je, katika mpango wa familia Kiswahili kina nafasi au ni marufuku?

#4 Mama_Kisoro

Nimesoma wote, nashukuru. Mimi naomba kugusa mambo mawili yanayoniuma.

Kwanza, sabuni na sukari. Kuna mradi ulifika kwetu, jina naliacha, ukawa unagawa sabuni kwa kila anayehudhuria. Madarasa yalijaa. Sabuni ilipokwisha, akina mama waliokuwa wanakuja tangu zamani nao wakaacha, maana sasa walijiona wanafanya kazi bila malipo. Mtu aliyekuja kwa sababu mwanawe alimwomba amsomee, leo anangoja sabuni. Tafadhali waratibu, hiyo pesa wapeni wawezeshaji. Mwezeshaji wa kijijini anatembea jioni, anaacha watoto wake, na mara nyingi anaitwa wa kujitolea miaka nenda miaka rudi. Mlipeni. Akiwa na kitu kidogo cha uhakika kila mwezi atabaki, na darasa litabaki naye.

Pili, kuchanganya. Maofisa wengi wanapenda kuwachanganya Wabatwa na majirani zao Wafumbira au Wakiga katika kundi moja, wanasema ni umoja. Mimi ni Mfumbira na nitasema ukweli: Wabatwa wakikaa nasi mwanzoni hawafungui mdomo. Tumewadharau muda mrefu. Kuna watu ambao mpaka juzi hawakutaka kunywa nao kikombe kimoja. Leo umwambie mama wa Kibatwa asome kwa sauti mbele ya mwenye shamba anayemlipa kibarua? Waanze peke yao, na mwezeshaji awe Mbatwa. Akikosekana aliyefika P7, chukua aliyefika P4 mwenye moyo, umpe mafunzo na mtu wa kumsaidia. Baadaye wenyewe watasema lini wako tayari kukaa na sisi. Kundi moja hapa lilisema, na sasa tunakutana nao katika kikundi cha akiba, hesabu anaandika msichana wao.

#5 Mratibu_Kigezi (mleta uzi)

Mama_Kisoro, nakubaliana nawe kwa yote mawili, na hilo la kulipa wawezeshaji naliweka juu ya kila kitu.

Kaka Mkulima_Bukwo, kuhusu Kiswahili: hakuna marufuku. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo baba anayejifunza Kiswahili cha soko anamsaidia na mwanawe shuleni. Angalizo langu ni mpangilio. Kusoma kwenyewe, kule kuunganisha sauti na herufi, kuanze katika lugha ambayo mtu anaota nayo. Akishashika, Kiswahili kitamjia upesi kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mkianza na Kiswahili kwa mama ambaye hajawahi kufika Suam, mtampoteza.

Kwa Wabatwa wa kwetu lugha ni jambo la uchungu kidogo. Leo wanazungumza Rufumbira upande wa Kisoro na Rukiga upande wa Kabale na Kanungu. Tunafundisha kwa lugha hizo, maana ndizo za nyumbani. Lakini wazee bado wana majina ya mimea, ya aina za asali, nyimbo za msituni. Hayo tunayaandika kama yalivyo, na watoto wanayasoma kama yalivyo.

Namna tunavyofanya kipindi cha pamoja ni rahisi: mzee anasimulia, mwezeshaji anaandika sentensi fupi fupi kwenye karatasi ya manila kwa maneno yaleyale ya mzee, watoto wanachora. Wiki ijayo karatasi inabandikwa, na kila familia inasoma mstari. Mzee akisikia maneno yake yanasomwa na mjukuu, wiki ya tatu haumwiti, anakuwa amefika kabla yako.

#6 Afisa_Jamii

Naomba kuwatetea kidogo watu wa ofisini, maana mimi ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa gombolola, ngazi ya utawala chini ya wilaya.

Mleta uzi unasema ratiba inafungwa wilayani. Ni kweli. Lakini fedha za umma haziendi bila mpango wa mwaka, na mkaguzi akija anataka karatasi. FAL, mpango wa serikali wa kusoma kwa watu wazima, ilianza mwaka 1992 na miaka yote hiyo tulikuwa na kitabu cha mwezeshaji na vipindi vya kufuata. Sasa ICOLEW, mpango mpya uliofuata FAL, inatupa nafasi zaidi, kwa sababu inaunganisha kusoma na akiba, biashara ndogo na mambo ya kijiji, na inataka wanajamii waseme wanachotaka. Ila hata hiyo haikuandikwa kwa kumwazia Mbatwa au Mwik. Ni juu yetu kuipinda.

Mimi nafanya hivi. Kwenye mpango naandika idadi ya vipindi kwa mwaka, siandiki tarehe wala saa. Kikundi kinajaza tarehe chenyewe kila mwezi, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anaweka sahihi. Mkaguzi ameikubali karatasi hiyo kila mara.

Tena kuna jambo hamjaligusa, nalo ndilo uratibu wenyewe. Familia moja ya Wabatwa inaweza kuitwa na watu wa afya Jumatatu, watu wa hifadhi Jumanne, kanisa Jumatano, shirika la lishe Alhamisi. Wote wanakuja kusaidia, wote wanataka sahihi ya kidole gumba. Nimeona mama akikwepa njia akiona gari. Kwa hiyo tunakutana mara moja kwa mwezi pale gombolola: mwalimu mkuu, mhudumu wa afya, mashirika, mchungaji na shehe, na wawakilishi wawili wa jamii yenyewe ambao nauli yao inalipwa. Ajenda ni moja, nani anakwenda kijiji gani siku gani. Mhudumu wa afya akitaka kufundisha kadi ya chanjo, anapewa dakika ishirini ndani ya kipindi cha kusoma, na kadi hiyo inakuwa ndiyo kitabu cha siku. Tangu hapo kazi imekuwa nyepesi kwa kila mtu.

#7 Mwalimu_Kaabong

Mzee Afisa_Jamii, hapo kwenye kadi ya chanjo umenikumbusha. Ukiwauliza wazazi wanataka kusoma nini kwanza, hawasemi hadithi. Kwetu wanasema: ujumbe wa pesa kwenye simu. Mtu anatumiwa pesa na mwanawe aliyeko Kampala, ujumbe unaingia kwa Kiingereza, anampa wakala simu pamoja na namba ya siri. Hajui zilikuwa ngapi. Tukachora ujumbe huo ubaoni mkubwa, tukafundisha mahali pa kuangalia kiasi na salio. Mtoto wa P5 ndiye aliyekuwa anamwelekeza baba. Ile heshima ya baba haikupungua hata chembe, ingawa watu waliogopa.

Fomu za PDM, mpango wa serikali wa kukopesha kaya kupitia parokia, ni hivyohivyo. Tangu mwaka 2022 kila parokia (eneo la utawala chini ya gombolola) inatengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka na kaya inaweza kukopa hadi milioni moja, lakini anayesaini asichokisoma anaweza kujikuta na deni la mtu mwingine.

Nina onyo moja juu ya zile hadithi za wazee. Siku hizi tunaweza kuziweka mtandaoni, mfano tovuti ya hadithi ya African Storybook, na ni msaada mkubwa kwa lugha zisizo na vitabu. Lakini zikiwekwa kule zinakuwa huru kwa yeyote duniani kuzichukua na kuzitafsiri. Dawa za miti, mahali pa mizinga, maombi ya mlimani, hayo si ya kuanikwa. Tuwaulize wazee kwa kila hadithi, mbele ya watu, kabla ya kupiga picha. Wakisema hii ibaki hapa, ibaki kwenye sanduku la kijiji.

#8 Mkulima_Bukwo

Nimemsomea mke wangu jibu la Kiswahili na la hadithi. Anasema hewala. Ameongeza: msisahau miwani. Mabibi wengi wanaoitwa wagumu wa kuelewa hawaoni tu herufi jioni. Kikundi chao kilinunua jozi chache za miwani ya kusomea, zinakaa ndani ya sanduku la vitabu, pamoja na taa mbili za sola.

#9 Kijana_Rubanda

Samahani wakubwa, mimi ni mgeni kwenye kazi. Nimepewa vijiji vitatu vya Wabatwa, naanza mwezi ujao. Nimeambiwa nipeleke orodha ya washiriki thelathini kila kijiji kabla sijafika hata mara moja. Nianzie wapi?

#10 Mratibu_Kigezi (mleta uzi)

Karibu sana mdogo wangu.

Orodha usiipeleke bado. Mwandikie bosi wako barua fupi ya heshima: orodha itatoka baada ya mkutano wa kwanza wa kila kijiji, na uweke tarehe. Ukishaandika majina ya watu usiowajua, mwaka mzima utakuwa unawatafuta watu wa karatasini.

Kwa mwenyekiti wa LC1 nenda kwanza kwa adabu ya njia, lakini usiishie hapo, maana mara nyingi si Mbatwa. Muulize nani wanasikilizwa miongoni mwa Wabatwa wenyewe. Kwa kawaida ni bibi mmoja au wawili. Wafuate jioni, mikono mitupu, kaa nao. UOBDU, umoja wa Wabatwa wenyewe, wamefanya kazi Kisoro na Kabale kwa miaka zaidi ya ishirini, watembelee usije ukarudia walichokwisha kukifanya au kukifuta.

Mkutanoni uliza mambo manne tu: mnataka kusoma nini, saa ngapi, wapi, na nani kati yenu awe mbele. Andika majibu kwenye manila mbele yao na uwasomee. Wakichagua kijiji kimoja asubuhi na kingine usiku, kubali, panga bodaboda yako kwa kufuata hilo. Shule ya karibu, mwombe mwalimu wa P1 aje mara moja kwa muhula aone wazazi wakisoma. Atamtazama mtoto wa Kibatwa kwa jicho jingine darasani.

Vijiji vitatu kwa mpigo ni vingi. Anza na kimoja, kikishika uwaombe akina mama wake waje nawe kwenye cha pili. Nitumie ujumbe wa faragha nikupe ule mfano wa karatasi ya ratiba ambayo Afisa_Jamii ameitaja. Mzee, naomba ruhusa yako.

#11 Afisa_Jamii

Ruhusa ipo. Mpe na fomu ya kikao cha gombolola. Na kijana, nauli ya wawakilishi wa jamii iingize kwenye bajeti sasa hivi, kabla robo haijafungwa. Ukichelewa hapo utawalipa kwa mfuko wako.